ER chanya kwenye kinyama, hasi kwenye kizazi kilichotolewa: tuamini jibu lipi?

Waaleikum salaam dada wa Likoni. Kwa wanaoingia uzi huu sasa, swali lake ni hili. Mama yake mdogo ana miaka 57, alianza kutokwa damu ilhali hedhi ilishakoma. Akakwanguliwa kizazi, na kinyama kikaonyesha saratani ya endometriamu (utando wa ndani wa kizazi): ER (kipokezi cha homoni ya estrojeni) chanya 90%, PR (kipokezi cha projesteroni) chanya 80%, p53 (protini inayozuia saratani) ya kawaida, protini nne za MMR (zinazorekebisha makosa ya DNA; zikikosekana huenda saratani ni ya kurithi) zote zipo. Kizazi chenyewe kikatolewa Ijumaa adhuhuri, kikaenda maabara nyingine, na jibu la huko ni ER hasi, MSH6 na PMS2 (mbili kati ya zile nne za MMR) hazionekani, p16 (protini nyingine ya seli) chanya. CA-125 (protini ya kwenye damu inayotumika kufuatilia saratani) iliyopimwa siku ya 9 baada ya operesheni ni 74. Kuna aliyemjibu hapo juu kuwa saratani "imegeuka", na mwingine kuwa p16 chanya maana yake ni virusi vya HPV.

Hakuna kilichogeuka. Kwa maelezo uliyoyatoa, mimi ningeliamini jibu la kinyama kidogo cha mwanzo, na kabla ya dawa yoyote kupangwa ningeomba vipimo virudiwe kwenye bloku ya kinyama hicho (kibonge cha nta kilichohifadhi nyama). Sababu zenyewe ndizo hizi.

Protini tunazozitafuta (ER, PR, MSH6 na wenzake) zinaanza kuharibika mara tu mshipa wa damu unapofungwa. Kinachozizuia zisioze ni formalini, na formalini haina haraka: hupenya nyama kwa takriban milimita 1 kwa saa. Kinyama cha kukwangua ni vipande vya milimita mbili tatu, kwa hiyo formalini hufika hadi katikati mapema. Kizazi kizima ni msuli mnene uliofunga ukuta pande zote, na endometriamu imo ndani kabisa. Ukikitumbukiza kwenye ndoo bila kukipasua, kwa nje kitakauka na kuwa kigumu kama kilivyotakiwa, na ndani kitaendelea kuoza kwa joto. Kwa joto la Mombasa, hasa msimu wa kaskazi, Ijumaa adhuhuri mpaka Jumatatu asubuhi, maabara inapofunguliwa tena, ni muda mrefu mno kwa nyama ambayo formalini haijaigusa.

Kwa hiyo kizazi kinapasuliwa kandokando, pande zote mbili kutoka mlangoni hadi juu, kifunguke kama kitabu, kisha shashi iliyolowa formalini huwekwa katikati ili kuta zisigusane. Anayepasua awe mpatholojia au mtu aliyefundishwa naye, maana ukikata ovyo unapoteza kipimo cha saratani imeingia kina gani kwenye msuli. Formalini iwe mara 10 ya ujazo wa nyama, mara 20 ni bora. Muda kutoka kutolewa hadi kuingia formalini usizidi saa 1, na saa zote mbili ziandikwe kwenye fomu. Fomu nyingi hazina hata nafasi ya kuandika hilo, andika pembeni. Ikiwa sampuli lazima ivuke feri kabla ya kupata formalini, iwe kwenye mfuko safi ndani ya boksi lenye barafu, isigusane na barafu yenyewe, wala isiwekwe friza. Kuna wodi zinazoloweka nyama kwenye maji ya dripu "isikauke". Hapana! Maji ya chumvi hayahifadhi protini hata moja.

Kukaa ndani ya formalini nako kuna mipaka. Kwa ER, PR na HER2 (protini nyingine inayopimwa) za saratani ya titi kiwango kinachofuatwa kimataifa ni saa 6 hadi 72, na maabara nyingi hukitumia kwa kizazi pia. Watu huogopa kuzidisha, lakini kinachoharibu zaidi ni kupunguza. Nyama iliyokaa saa 3 ikakimbizwa kwenye mashine, sehemu isiyoshikwa na formalini inakuja kushikwa na alkoholi ya mashine, na ER hufifia papo hapo.

Kuhusu formalini yenyewe, maana nimeona hapo juu mtu ameuliza. Ile ya dukani ni formaldehaidi ya 37 hadi 40%. Ya kutumia inaitwa 10%, yaani sehemu 1 ya hiyo kwa sehemu 9 za maji. Kwa lita 1: mililita 100 za formalini ya dukani, mililita 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za sodiamu fosfeti ya haidrojeni mbili (yenye molekuli 1 ya maji) na gramu 6.5 za sodiamu fosfeti ya haidrojeni moja (kavu). pH itoke karibu na 7. Zile fosfeti si mapambo. Bila hizo formalini hugeuka asidi polepole, na asidi hiyo ikikutana na damu hutengeneza chembe za kahawia iliyoiva kwenye slaidi. Rangi tunayoitumia kuonyesha protini nayo ni kahawia, basi fikiria mkanganyiko wake kwenye kinyama cha kukwangua kilichojaa damu. Maji ya kisima usitumie. Ya kwetu hapa yana chumvi na pH yake huijui. Chupa iwe ya mdomo mpana, kwa kuwa nyama huingia laini na kutoka ngumu. Jina liandikwe kwenye chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.

Sasa, nitajuaje kuwa jibu la pili limeharibika nami sijaiona slaidi? Kuna dalili mbili kwenye ripoti yenyewe.

Ya kwanza ni ile jozi ya MMR. Protini hizi hukaa wawili wawili: MLH1 na PMS2, MSH2 na MSH6. Jeni la MLH1 likifa, PMS2 huondoka nayo kwa kuwa haina wa kuishikilia. MSH2 ikifa, MSH6 huondoka. Inawezekana pia PMS2 ipotee peke yake, au MSH6 peke yake. Lakini PMS2 na MSH6 kupotea kwa pamoja, kila mmoja akimwacha mwenzake salama, ni jambo adimu sana kwenye uvimbe. Kwenye nyama iliyooza si adimu, kwa sababu hizo mbili mara nyingi hutoa rangi hafifu na hufifia upesi.

Dalili ya pili ni kitu ambacho ripoti haikukitaja: kidhibiti cha ndani. Kila slaidi ina seli za kawaida ambazo lazima ziwe na protini hiyo. Kwa MMR ni limfosaiti (chembe nyeupe za damu) na seli za tishu zinazozunguka uvimbe. Kwa ER ni tezi za kawaida za endometriamu na seli zilizo chini yake. Seli hizo zikiwa kahawia na uvimbe ukawa mweupe, hapo hasi ni hasi kweli. Zote zikiwa nyeupe, jibu sahihi ni "haisomeki", si "hasi". Kidhibiti cha nje, yaani kipande cha nyama nyingine kinachowekwa pembeni ya slaidi, kinathibitisha tu kwamba mashine na kemikali zimefanya kazi. Hakisemi lolote kuhusu nyama ya mgonjwa wako ilivyotunzwa. Mfano mzuri wa uzito wa hili ni p57 kwenye mimba zabibu. Zabibu kamili haina jeni za mama, na p57 hutoka kwenye jeni la mama, kwa hiyo utambuzi unategemea rangi *kukosekana* kwenye villasi (vinyweleo vya kondo). Pasipo desidua (utando wa kizazi wakati wa mimba) ya mama kuwa kahawia pembeni, huwezi kutofautisha zabibu kamili na slaidi iliyoharibika.

Niongeze kwa haki kwamba ER hasi kwenye saratani ya kizazi ipo kweli, hasa aina ya seraasi na ya seli angavu, na uvimbe mmoja unaweza kuwa na sehemu mbili tofauti. Ndiyo maana sisemi jibu la pili litupwe, nasema lihojiwe.

Makosa mengine hutokea mezani. Vipande hukatwa mikroni 4 na kubandikwa kwenye slaidi zenye chaji. Ukitumia slaidi za kawaida, nyama inang'oka wakati wa kuchemsha. Kuchemsha huko si hiari, kwani formalini imezifunga protini na lazima zifunguliwe: sitreti ya pH 6 au Tris-EDTA ya pH 9, nyuzi 95 hadi 98, dakika 20 au zaidi kulingana na kingamwili inayotumika kuitafuta protini. pH 9 kwa kawaida huzitendea vizuri zaidi protini za kwenye kiini kama ER na MMR. Umeme ukikatika katikati ya dakika hizo, anza upya kwa slaidi mpya. Kisha haidrojeni peroksaidi 3% kuua peroksidesi ya damu (kimeng'enya kinachotoa rangi ile ile ya kahawia). Ukiiruka, kinyama chenye damu kitakuwa kahawia kila mahali. Slaidi isikauke hata mara moja baada ya hapo, na hapa kwenye vyumba vyenye feni hukauka upesi kutoka ukingoni, ndipo unapoona ukingo chanya na katikati hasi. Slaidi zilizokatwa zikakaa zaidi ya wiki 6 bila kupakwa, ER yake usiiamini.

Nije kwa p16. p16 ni breki ya seli. HPV hatari inapoingia kwenye mlango wa kizazi, protini yake E7 huvunja Rb (protini nyingine ya breki), na seli hujibu kwa kumwaga p16 nyingi sana. Kwa hiyo kwenye *mlango wa kizazi* p16 ni kivuli cha HPV, lakini kwa sharti: rangi iwe nzito, ya mfululizo bila mapengo, kuanzia safu ya chini kabisa na kupanda angalau theluthi 1 ya unene. Rangi ya mabakamabaka ni hasi hata ikiwa nyingi. Kwenye *endometriamu* kanuni hiyo haipo. Saratani ya kawaida ya endometriamu hutoa p16 ya mabakamabaka, na ile ya seraasi huitoa nzito bila HPV yoyote. Aliyesema huyu mama mdogo ana HPV kwa sababu ya neno "chanya" amesoma jina la protini bila kusoma mahali ilipo. Ripoti nayo ina kosa: haikusema nzito au mabaka.

p53 ina mtego wa aina hiyo hiyo. Ya kawaida ni mchanganyiko wa seli nyeupe, hafifu na nzito. Iliyoharibika ni karibu kila kiini kizito, au hakuna hata kimoja ilhali seli za kawaida pembeni zimeshika rangi, au rangi iko nje ya kiini. Sasa mtu akiandika "p53 hasi" amemaanisha nini? Ya kawaida au iliyofutika? Moja ni habari njema, nyingine ni mbaya kabisa. Daktari akiona neno hilo ampigie simu aliyeandika.

Halafu hiyo CA-125. Mpaka unaotumika ni 35, lakini protini hii haitolewi na saratani peke yake. Hutolewa na ngozi nyembamba inayofunika tumbo kwa ndani kila inapokwaruzwa. Operesheni ya tumbo yenyewe huipandisha kwa wiki kadhaa. Kupima siku ya 9 ni kupima kidonda. 74 hiyo iwekwe kando kabisa. Kipimo cha maana kingekuwa cha kabla ya operesheni, kwani ikiwa juu wakati huo huashiria huenda ugonjwa umetoka nje ya kizazi. Pia kuna aliyempigia hesabu ya RMI (alama ya skani × alama ya kukoma hedhi × CA-125, hatari ikizidi 200) akapata 222. Hesabu hiyo ni ya mwenye uvimbe wa ovari. Pasipo uvimbe wa ovari kwenye skani, haipigwi.

Na kwa wengine wanaosoma: endometriosisi, hedhi, mimba changa, maji ya tumbo ya ugonjwa wa ini na TB ya tumbo zote huipandisha, na TB ya tumbo inaweza kuifikisha mamia. Upande wa pili, karibu nusu ya saratani za ovari za hatua ya kwanza haziipandishi. Uingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000, na matokeo ya 2021 yalionyesha kuwa kuchunguza wasio na dalili kwa CA-125 hakukupunguza vifo. Ukifuatiliwa kwa kipimo hiki, pima kwenye maabara ile ile yenye mashine ile ile, na mwambie mtoa damu kama unameza vidonge vya bayotini vya nywele na kucha. Kwenye baadhi ya mashine huishusha kwa uongo.

Kwa hiyo dada, nenda maabara ya kwanza na barua ya daktari, omba bloku (kile kibonge cha nta), si slaidi. Barua iseme wazi: rudia ER, PR, MLH1, PMS2, MSH2, MSH6 na p53, na kidhibiti cha ndani kitajwe kwa kila moja. Ikiwa inasafirishwa Nairobi, ifungwe kwenye karatasi ndani ya kikopo kigumu na isikae kwenye dashibodi ya gari juani, kwani nta hulainika. Maabara ya pili nayo iulizwe kama kuna bloku nyingine ya kizazi iliyokatwa ukingoni ambako uvimbe umegusa sehemu iliyoshikwa vizuri na formalini. Mara nyingi ipo, ila haikuchaguliwa. MMR zikitoka zote zipo kwenye bloku ya kwanza, suala la watoto wake kupimwa saratani ya kurithi kwa sababu ya ripoti ya pili litakuwa halina msingi. Zikikosekana kweli, MLH1 na PMS2 pamoja hupimwa kwanza methiolesheni ya MLH1 (alama ya kemikali inayozima jeni bila kurithiwa), na jozi nyingine yoyote hupelekwa moja kwa moja kwa vipimo vya jeni. Ukipata majibu yabandike hapa, ukifuta jina na namba ya hospitali.