Tuta likijaa usiku, nani atawaamsha?

SWALI: Assalamu alaykum. Juu ya mtaa wetu kuna bwawa la tuta la udongo linalomwagilia bonde la mpunga. Masika haya maji yalituingilia majumbani usiku wa manane, hakuna aliyetwambia. Twaweza kujiwekea onyo wenyewe bila mitambo ya fedha nyingi? – Msomaji, kaskazini Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam. Mnaweza. Anzeni kwa kujua maji huchukua dakika ngapi kutoka tutani hadi nyumba ya kwanza. Siku mto umejaa, pimeni mita 100 ukingoni, mmoja atupe nazi kavu majini, mwengine ahesabu. Ikipita kwa sekunde 50, kilomita moja ni dakika 8 tu. Tuta likipasuka maji huja kwa kasi zaidi, basi hesabuni nusu: dakika 4. Muda huo hautoshi mlinzi wa zamu tutani kumpigia simu sheha, naye sheha ampigie mwengine. Kubalianeni mapema, sheha akiwepo, kwamba mlinzi atapiga mbiu mwenyewe bila kuuliza mtu. Kukosa makubaliano hayo huweza kuuangusha mpango hata vifaa vikiwepo.

Kipimo cha kina cha maji ni bomba la chuma lililosimikwa kwa saruji upande wa maji. Mkilichomeka kwenye tope tu, litalala mvua ya kwanza na kuwadanganya. Rangi ya njano ianzie pale maji yanapoanza kutoka kwenye njia ya ziada, yaani mfereji wa kutolea maji yaliyozidi bwawani. Nyekundu, nusu mita chini ya mgongo wa tuta. Mvua kubwa ikinyesha lisomwe kila saa. Likifika njano, kila robo saa.

Mlinzi azunguke pia nyuma ya tuta na tochi. Akiona maji safi yanachuruzika, achomeke kijiti na mhandisi aitwe. Yakiwa na tope, udongo wa ndani unachukuliwa: hapo apige mbiu hata kama kipimo hakijafika nyekundu.

Kipaza sauti cha msikiti kinafaa, lakini umeme hukatika mvua ikishika. Kiwekeeni betri, na baragumu liwe karibu. Mlio mmoja mrefu: wazee na watoto watangulie. Mfululizo bila kukata: kila mtu apande juu sasa, kwa njia isiyovuka mto. Zoezi lifanyeni usiku. Kule Derna, Libya, Septemba 2023, mabwawa mawili yalipasuka usiku, watu wamo majumbani mwao.

Mwisho, tazameni mwezi. Mabonde mengi ya Pemba humwaga maji mikokoni, na siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi kuandama na mwezi mpevu, bahari ikijaa huyazuia yasitoke. Bamvua hujaa karibu na saa kumi, jioni na alfajiri, na hiyo ya alfajiri huwakuta watu usingizini. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya mvua kubwa, zamu ya tutani wawe watu wawili.