Miguu si tatizo, tatizo ni "unakwenda wapi?"

Mhariri, wiki hii mmeuliza: wapo watu Marekani wanaacha kazi wanatembea kwa miguu njia ya milimani ya Appalachian kwa miezi, je wewe ungeweza? Mie nakujibuni hata kama sivyo mlivyouliza, maana tangu nilisome swali hili linanikera. Kuweza kutembea sio suala. Nani Pemba hajatembea? Suala ni nani atakuacha utembee.

Kwanza nlisema hawa watu wana shibe. Njia yenyewe kilomita 3,500 hivi, inaanzia Georgia inaishia Maine, inapita majimbo 14, na anayeikamilisha kwa mkupuo mmoja anachukua miezi mitano mpaka saba. Pemba yetu kutoka kusini mpaka Kigomasha kaskazini haizidi kilomita 70, kwa hiyo hesabu umekitembea kisiwa kizima mara hamsini, na mwisho wa safari hakuna mzazi aliyejifungua wa kumtazama wala maiti ya kuzika wala deni la kudai. Unafika juu ya mlima unapiga picha unarudi kwenu. Wallahi nlicheka.

Sisi kutembea kulikuwa na sababu. Nlikuwa bado skuli, bibi yangu akanichukua twende Makangale kumtazama mzazi, mjukuu wa dada yake. Sisi kwetu Konde. Mnaoijua njia ile mnajua, unapita kwenye shamba la miti ya mipira, unaingia Ngezi, ukitoka msituni ndo Makangale hiyo, mtu mwenye haraka anakwenda asubuhi na alasiri kesharudi. Siku hizo gari ya kuingia kule ni bahati yako. Tukatoka mapema, bibi kabeba kipakacha cha unga wa mchele na pilipili manga za uji wa mzazi, mie nimekumbatia jogoo kafungwa miguu.

Nyumba ya mwanzo tu washatuona. "Bi mkubwa, karibuni! Mnakwenda wapi?" Na bibi hawezi kujibu kwa kusimama, lazima akae barazani aeleze mzazi ni nani, kazaa nini, mume wa wapi, hapo tena mwenye nyumba naye anakumbuka babu wa yule mume alivyogombana na watu kwa mpaka wa shamba la mikarafuu, chai ya mkandaa inakuja na muhogo, na tukiinuka tunapewa nazi, "mpelekeeni mzazi". Nyumba ya pili shelisheli. Mbele kidogo mkungu wa ndizi, na aliyetupa ndizi akakasirika kwa nini kule tumekunywa chai na kwake hatutaki. Hawa watembeaji wa Marekani nimesoma wanapunguza mzigo mpaka wengine wanakata mpini wa mswaki, bibi yangu kila akienda mzigo unazidi, na wote uko kichwani kwangu.

Adhuhuri imetukuta kwenye mipira. Tumesali, tumekaa kwa mtu mwengine tena, na tulipofika mdomo wa Ngezi jua lishalala. Bibi akabadilika. Mule hata mchana miti imefungana juu, na wazee wetu hawapendi kupita maghribi, sisemi zaidi. Akaniambia humu ndani sitokuita jina lako na wewe usiniite bibi. Akanipa jina, Mchukuzi. "Mchukuzi, kaza mwendo." Yeye mbele anasoma Ayatul Kursiyyu, mie nyuma na nazi zangu, juu popo wale wakubwa wanaanza kuamka, bas jogoo akawika. Ndani ya Ngezi, saa zile! Bibi alikimbia. Sijapata kumuona anakimbia kabla wala baada, kipakacha kichwani na hakikumwagika. Tumefika Makangale watu wanatoka kusali isha, na neno la kwanza tulilopokewa nalo ni "mbona mmechelewa?"

Jina la Mchukuzi shangazi zangu wananiita mpaka leo. Na nimesoma hata hao wa Appalachian wanapeana majina ya njiani.

Sasa wakati naandika haya nikazidi kuchimba kwenye simu, nikakutana na Emma Gatewood. Bibi wa miaka 67, watoto 11, alikuwa na mume anayempiga mpaka wakaachana. Mwaka 1955 akaitembea njia yote peke yake, raba miguuni, mfuko kaushona mwenyewe kautupa begani, na pazia la bafuni la kujikinga mvua. Watoto wake aliwaambia anakwenda kutembea, bas. Kicheko kikaniisha.

Kwa sababu bibi yangu mie hajawahi kuondoka nyumbani bila ya kueleza anakwenda wapi, na mie vilevile. Leo nikitoka alasiri kunyoosha miguu tu, kabla sijafika kwenye mipira kila baraza ishaniuliza kuna nini, bodaboda anasimama anataka kunipakia bure, nikikataa anaona nna jambo, na nikirudi mume wangu kashapigiwa simu. Ile karibu yetu naipenda, nimelelewa nayo, ugenini ntaililia. Lakini kule miti imepigwa alama za rangi nyeupe njia nzima, huna haja ya kumuuliza mtu njia wala mtu kukuuliza wewe. Na wapo wanaowaachia wapita njia chakula, tena hawataki kujua wewe mtoto wa nani.

Kwa hiyo ntakwenda. Ndio, mie niliyesema wana shibe. Ila yale mabanda yao ya kuta tatu wanayolala wanaume kwa wanawake hapana, nna hema langu. Chakula wanakitundika mtini dubu wasikifikie, hilo ntajifunza, vya paketi nisome kwanza visiwe na nguruwe, na mas-ala ya kupunguza sala kwa mtu aliye safarini miezi nimuulize sheikh. Halafu kumbe si lazima kwa mkupuo, wapo wanaoitembea vipande vipande kwa miaka. Mie niwekeni huko. Kipande cha Georgia tu mwaka huu, tena nirudi kabla ya Ramadhani, maana futari ya nyumba ile hakuna mwengine wa kuipika.