Ukitoka kuzamia, Kitonga isubiri

Mtu wa Mbeya au Njombe akinipigia simu kuniuliza akazamie wapi baharini kwa mtungi wa hewa, Mafia au Mnemba ya Zanzibar, mimi humuuliza kwanza anarudi lini na kwa usafiri gani. Wengine hudhani nakwepa swali. Hapana. Kwa sisi wa nyanda za juu, safari ya kuzamia hupangwa kuanzia siku ya kurudi, halafu ndipo tuje kwenye matumbawe na samaki.

Unapozama baharini, kila mita 10 za maji hukuongezea mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Hewa unayovuta kutoka kwenye mtungi huja na mgandamizo huohuo, na sehemu yake kubwa ni naitrojeni, ambayo mwili hauna kazi nayo. Inayeyuka tu kwenye damu, misuli na mafuta. Ukipanda juu taratibu inatoka kwa pumzi, ila haitoki yote. Nyingine hubaki mwilini kwa saa nyingi, na ukikimbilia mahali penye hewa nyepesi kabla haijaisha, inaweza kufanya mapovu kwenye viungo na mishipa. Ndiyo maana mzamiaji hukatazwa kupanda ndege siku hiyohiyo.

Walimu wa pwani husema "ndege" kwa kuwa wageni wao wengi huondoka kwa ndege. Katika kituo kimoja nilipouliza kuhusu basi la Mbeya, kijana wa mapokezi alinicheka: "Basi si ndege, dada." Sawa, lakini ndani ya ndege kubwa hewa hupunguzwa mpaka ifanane na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400 hivi, na Mafinga iko karibu mita 1,900. Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Mwongozo unaofuatwa na wazamiaji wengi wa kujiburudisha unasema usubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 kama umezamia zaidi ya mara moja au siku kadhaa mfululizo, kabla ya kwenda juu ya mita 600. Mimi hujipa siku nzima, saa 24, na sibishani na mtu.

Habari njema ni kwamba basi la alfajiri kutoka Dar linakuongezea saa. Morogoro, Mikumi, mpaka Ruaha Mbuyuni bado uko chini ya mita 600 au karibu na hapo. Kupanda kwenyewe kunaanza kwenye mlima wa Kitonga, na hapo ni mchana. Kwa hiyo ukimaliza kuzamia saa sita mchana Zanzibar, ukavuka kwa boti jioni, ukalala Dar na kuondoka asubuhi, unafika Kitonga ukiwa karibu na saa 24. Anayejibana ni yule wa kuzamia asubuhi, kukimbilia boti, kisha kudandia basi la usiku. Kutoka Mafia kwa ndege ndogo, saa zako zihesabu kabla ya ndege, usihesabu kabla ya Kitonga.

Sasa hiyo siku ya mwisho isiyo na mtungi uifanyie nini? Mafia ina jibu zuri kuliko kote: papa potwe. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kupita mita 12, na chakula chake ni viumbe vidogo vidogo anavyochuja majini. Hufika karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, na huogelewa naye juu ya maji kwa miwani na mrija tu, bila mtungi. Naitrojeni haiongezeki. Usimguse wala usimkatie njia, kaa ubavuni kwake na mkia uuache mbali. Mchana vuka hadi kisiwa cha Chole ukaone magofu na popo wakubwa waliojining'iniza mitini. Ila Novemba na Desemba kwetu ni mvua na mahindi, kwa hiyo mkulima aende Oktoba.

Siku za mtungi zenyewe, mimi nachagua Mafia kuliko Mnemba. Mnemba ni pazuri, kasa wapo, lakini boti ni nyingi mno. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa 1995, ya kwanza nchini, na inaonekana kwamba imelindwa. Beba kitambulisho cha NIDA, maana raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Kwenye mlango wa Kinasi, ghuba ya Chole, huzamiwa maji yanapojaa, kwani yakitoka mkondo unaweza kukusukuma nje baharini. Muulize kiongozi saa za maji na kama ni bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kutoka kuliko kawaida. Mkishafika chini, usihangaike kuogelea huku na huko. Tulia mbele ya jiwe moja. Nilimtazama chewa mnene akiachama mdomo wazi, na kisamaki chembamba cha buluu chenye mstari mweusi kikaingia ndani, kikadonoa donoa kwenye meno, kikatokea shavuni. Chewa hakufunga mdomo. Ndiyo kazi ya kisamaki kile, kula wadudu na uchafu wa wenzake, na samaki hupanga foleni kumsubiri.

Masikio ndiyo huwashinda wengi siku ya kwanza. Mteremko wote kutoka Mbeya hadi Dar, ule unaoziba masikio ndani ya basi, ni sawa na kuzama mita zisizofika mbili tu. Kwa hiyo bana pua upulize taratibu mapema, kabla hayajauma, na urudie kila baada ya kitambo kidogo. Ukiwa na mafua ya baridi ya Juni na Julai, ahirisha. Kuogelea nako jifunze kabla: kozi ya mwanzo hudai mita 200 bila kupumzika na kuelea dakika 10, ndipo uruhusiwe hadi mita 18.

Wapo wanaoniambia, kwa nini tusizamie Matema, Ziwa Nyasa liko hapahapa? Ziwa lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine, na wengi wao majike hubeba mayai mdomoni. Kwa miwani na mrija panatosha kabisa. Uliza wenyeji kuhusu mamba, na usisahau kichocho. Ukitumia mtungi, kumbuka ziwa lenyewe liko karibu mita 475 juu ya bahari, na hesabu zake si za baharini. Halafu barabara ya Tukuyu inapita juu kuliko Mbeya yenyewe, kwa hiyo lala Kyela.

Na ukishafika nyumbani, kama viungo vinauma, ngozi inawasha, mkono umekufa ganzi au unachoka kupita kiasi ndani ya siku mbili, usiseme ni kukaa sana kwenye basi. Nenda hospitali, omba oksijeni, na mwambie daktari mwenyewe kwamba ulizamia, lini, na kina gani. Huku kwetu hatakuuliza.