Mjomba, hata huku pikipiki zinaibiwa

Nilipoandika kwenye kundi la familia kwamba nimeibiwa pikipiki, mjomba aliuliza: "London yote hiyo na kamera kila kona, inaibiwaje?" Mdogo wangu akataka kujua polisi wamefikia wapi. Mama hakuuliza kitu. Alisema tu pole mwanangu, na nikajua anawaza mabati ya paa niliyomwahidi. Naomba niwajibu wote kwa pamoja bila kuficha.

Iliondoka usiku wa Jumanne, nje ya nyumba tunayopanga, kusini mwa London. Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi nikakuta turubai limetupwa kando, vipande viwili vya mnyororo, na vumbi la chuma limetapakaa kwenye lami. Niliinama nikaligusa, likabaki jeusi kwenye kidole. Mama mmoja wa ghorofa ya juu aliniambia alisikia mashine ikilia saa tisa usiku, akafunga dirisha akalala. Simlaumu. Anayetoka kuwazuia vijana wale anaweza kuumizwa. Julai 2017, usiku mmoja tu, waendesha pikipiki kadhaa walimwagiwa tindikali na wezi wa pikipiki mashariki mwa jiji hili, na baadhi yao walikuwa wapeleka chakula kama mimi.

Mjomba, kamera zipo. Ya duka la jirani iliwaona vizuri kabisa: vijana wawili, kofia ngumu, nyuso zimefunikwa. Walikata mnyororo kwa grainda ya betri, ile mashine ya kukatia chuma waliyonayo mafundi wetu wa madirisha. Usukani ulikuwa umelokiwa. Waliusukuma kwa nguvu mpaka loki ikavunjika. Kisha mmoja akakaa juu ya pikipiki yangu, mwenzake akapanda skuta yao na kuisukuma yangu kwa mguu. Hawakuhitaji hata kuiwasha. Kamera imerekodi kofia mbili, basi. Niliripoti kwa 101, namba ya polisi ya mambo yasiyo ya dharura, nikapewa namba ya kumbukumbu. Mpaka leo haijaonekana.

Sasa hili ndilo linaloniuma zaidi, na lazima niliseme kwa sababu wapo wanaojiandaa kuja. Sikulipwa na bima. Huku huwezi kuendesha bila bima, na mimi nilikuwa nayo, ila nilinunua ile ya kwenda kazini na kurudi kwa sababu ilikuwa rahisi. Anayebeba chakula kwa malipo anatakiwa kuwa na bima ya kazi hiyo, na bei yake ni ya juu sana. Nilibana pesa ili nitume nyumbani. Walipogundua ninafanya kazi gani, walikataa. Pauni 1,900 zimekwenda hivyo, na kosa ni langu.

Kwa hiyo mpwa wangu, wewe unayeniuliza kila wiki kuhusu kazi hii, nisikilize. Kwanza, ukija kwa viza ya mwanafunzi kazi hii hairuhusiwi, maana inahesabiwa kuwa umejiajiri. Usikubali mtu akukodishe akaunti yake ya app ya kupeleka chakula. Pili, ukishapata haki ya kuifanya, utapita mafunzo ya siku moja yanayoitwa CBT. Cheti kinadumu miaka 2, nawe utaendesha pikipiki isiyozidi cc 125 yenye herufi L nyekundu mbele na nyuma. Tatu, anza na bima na kufuli, ndipo utafute pikipiki.

Mnyororo uwe na unene wa milimita 16 au zaidi, huo mkasi mkubwa wa chuma wa mkononi hauuwezi. Upitishe kwenye fremu na gurudumu la nyuma, uufunge kwenye chuma kilichozamishwa ardhini. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, wanalifungua na kukuachia. Usiuache ulale chini pia. Ukigusa lami wanapata pa kuugongea nyundo. Ongeza kufuli ya diski ya breki, yenye king'ora ukiweza, na ufunge kamba ya rangi kali kutoka kwenye kufuli hadi kwenye usukani, usije ukasahau ukaondoka nayo ukaanguka. Funika kwa turubai kila usiku, mwizi asijue ni pikipiki gani iliyo chini yake. Na unapoingia mgahawani kuchukua oda, ufunguo uwe mfukoni, hata kama ni dakika moja.

Lakini sitakudanganya: grainda inakata vyote hivyo. Unachonunua ni dakika, ili waone wanachelewa wahamie kwingine. Ikiibiwa, zunguka mitaa ya jirani mapema, kwa sababu wezi wengine huiacha mahali siku moja au mbili waone kama ina kifaa cha kuifuatilia. Ukiiona, piga simu polisi. Usiisogelee peke yako.

Ninachokikumbuka sana ni kijiwe chetu cha bodaboda kule nyumbani, pale stendi. Ukiacha pikipiki ukaenda kula, wenzako wanaijua, wanajua na sauti yake. Mgeni akiishika usukani anaulizwa. Najua na kwetu madereva wanakabwa usiku, wengine wanauawa, siwezi kusema huko ni salama. Ila huku nimepaki mlango kwa mlango na watu kwa miaka 3 na hakuna anayejua ipi ni yangu.

Nimepata nyingine ya mkopo, iliyotumika. Inalala ndani ya gereji ya kulipia, pauni 60 kwa mwezi, na bima safari hii ni ile yenyewe. Ndiyo maana Septemba sitatuma kitu. Mama, mabati yatakuja mwezi wa kumi na moja, kabla mvua za vuli hazijachanganya. Fundi mwambie asiondoe yale ya zamani kwanza.