Loki na Thor si ndugu
Wengi huuliza kama Loki na Thor, miungu wa kale wa Skandinavia, ni ndugu waliolelewa pamoja na Odin, mkuu wa miungu hao. Hapana, si ndugu, na Odin hakumlea Loki kama mwanawe. Hayo yametoka kwenye vibonzo vya Marvel vya miaka ya 1960, filamu zikayafuata. Katika masimulizi ya kale Loki ni mtoto wa jitu Fárbauti, na Laufey ni mama yake (filamu zimemfanya baba!). Thor ndiye mwana wa Odin, mama yake ni Jörð.

Aliyechanjiana damu na Loki ni Odin mwenyewe. Soma shairi la Lokasenna: miungu wako karamuni kwa Ægir, jitu la bahari, Loki anaingia na wanamnyima kiti. Anamgeukia Odin na kumkumbusha kwamba zamani walichanganya damu, na kwamba Odin aliapa hataonja pombe mpaka waletewe wote wawili. Odin anamwamuru mwanawe Vidar anyanyuke, ampishe “baba wa mbwamwitu”, yaani Loki, baba wa mbwamwitu Fenrir. Kwa ukoo wa kwetu, basi, Thor angemwita Loki baba mdogo. Napenda uhusiano huu kuliko wa filamu, maana unaeleza kwa nini miungu walimvumilia muda mrefu hivyo.

Ila tahadhari: mengi ya haya yametufikia kwa maandishi ya Iceland ya karne ya 13, hasa ya mwandishi Snorri Sturluson, miaka kama 200 baada ya nchi hiyo kupokea Ukristo. Usidhani kila Mviking aliyasimulia hivihivi.