Maswali ya Wasomaji: Watoto na Vita vya Tewkesbury

SWALI: Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninaishi Birmingham na watoto wangu wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine mitano. Mkubwa amesikia shuleni kwamba kila Julai, katika mji wa Tewkesbury, watu huvaa dirii na kuigiza vita vya kale, na tangu siku hiyo haniachi nipumue. Ninachelea mizinga, kwa kuwa mdogo ni mwoga, na tena nasita kuwapeleka watoto mahali pa kushangilia watu wakiuana. Isitoshe, ameniuliza kama zama hizo Waingereza walikuwa na watu weusi kama sisi, nikakosa jibu.
Mama wa Wawili, Birmingham

JIBU: Wapeleke, dada, ila pigano lisiwe ndilo linalokutoa nyumbani. Huigizwa alasiri na huisha upesi, ilhali kambi iko wazi tangu asubuhi, na humo ndimo mlimo na elimu. Mtawakuta watu wakipika kwa kuni, wakishona, wakinoa na kusugua vyuma, wengi wao wakiwa wamejigharimia mavazi waliyovaa, na ukimwuliza mmoja jinsi dirii inavyofungwa atakueleza mpaka chakula kiungue. Waache watoto waulize watakavyo, lakini wasiguse silaha kabla ya kuruhusiwa, kwa maana panga zile, ingawa hazina makali, ni chuma kitupu.

Mizinga hujazwa baruti bila risasi, hivyo haimdhuru mtazamaji, lakini kishindo chake husikika hadi kifuani. Mnunulie mdogo vifunika masikio kama vya mafundi wa ujenzi, kaeni mbali na kamba inayozuia watazamaji, na umweleze mapema kitakachotokea, kwani mtoto huogopa zaidi lile lililomjia ghafla. Kuhusu kofia, maji na makoti ya mvua sina la kukufundisha. Julai ya Uingereza unaijua.

Hofu yako ya pili ni nzito zaidi. Sisi tuliowahi kuona Mwaka Kogwa pale Makunduchi, wanaume wakichapana kwa migomba kisha wakala pamoja, hatushtuki sana na pigano la mchezo. Lakini la Tewkesbury lina maiti wa kweli nyuma yake. Tarehe 4 Mei 1471 jeshi la Mfalme Edward IV, wa ukoo wa York, liliwashinda wafuasi wa ukoo wa Lancaster, waliogombea naye taji, na Edward mwingine, mwana wa pekee wa Malkia Margaret wa upande wa Lancaster, akauawa akiwa na umri wa miaka 17. Walioshindwa walikimbilia kanisa kubwa la mji wakitumaini hifadhi, wakatolewa, na siku mbili baadaye viongozi wao, akiwamo Mtemi wa Somerset, wakakatwa vichwa mjini. Kwa hiyo, wafu wa uwanjani watakapoinuka na kujikung'uta majani, msirudi nyumbani moja kwa moja. Wapitishe watoto katika kanisa hilo, ambalo lingali limesimama, uwaonyeshe bamba la shaba sakafuni linalomkumbuka kijana yule. Mkubwa wako atatambua mwenyewe ni nani ambaye hakuinuka.

Na jibu ulilolikosa ni hili: walikuwapo. Miaka 40 baada ya vita hivyo, katika mchoro mrefu wa mashindano ya wapanda farasi yaliyofanyika Westminster mwaka 1511, anaonekana mpiga tarumbeta mweusi mwenye kilemba, akiwa juu ya farasi miongoni mwa wenzake. Jina lake ni John Blanke. Alilipwa peni 8 kwa siku katika utawala wa Mfalme Henry VII, na Henry VIII alipotawala, Blanke akamwandikia ombi aongezewe hadi peni 16, sawa na mwenzake aliyekuwa amefariki. Msimulie mwanao kisa hiki mkiwa njiani, kisha, mkifika kambini, mtafuteni mpiga tarumbeta, amwulize yeye analipwa kiasi gani.