Kuiweka YouTube kwenye kompyuta ya mama
Shekhe wangu wa Wete, umeuliza vipi YouTube ifunguke kwa kubonyeza alama yake tu, mama asihangaike na kivinjari. Rahisi. Ingia youtube.com kwa kivinjari cha Chrome, utazame mwisho wa kisanduku cha anwani, kulia: kuna alama ndogo ya kompyuta yenye mshale. Ibonyeze, ukubali. Kwa kivinjari cha Edge, bonyeza vidoto vitatu, utafute palipoandikwa Apps.

Diski haijai; ni tovuti ileile ndani ya dirisha lake. Kwa hivyo bando nalo linaliwa vilevile! Mshushie ubora wa picha ya video hadi 360p, taarabu haitaki zaidi. Ila usipakue faili la “YouTube ya kompyuta” kwenye tovuti usiyoijua. Mimi liliniletea virusi, nikaishia kwa fundi Darajani.